Manispaa ina milioni 40 benki, kwa nini ikope 10?

Swali: Mimi ni diwani, nimeingia barazani mwaka huu na nimepangwa kamati ya fedha. Mji wetu ni mdogo. Taarifa ya robo mwaka inaonyesha tuna milioni 40 benki, lakini mweka hazina ametuletea ombi la kukopa milioni 10 kwa miaka 20, riba asilimia 6, ili tubadilishe mabomba makuu ya maji. Mradi wote ni milioni 13. Nilipouliza kwa nini tukope wakati pesa tunazo, wenzangu walicheka, na mweka hazina akanijibu kwa lugha ya kihasibu nisiyoielewa. Je, tunafichwa kitu? Na mtu asiye mhasibu atajuaje kama pesa za umma ziko salama mikononi mwa idara ya fedha?

Jibu: Mheshimiwa, hao waliocheka wangegeuziwa swali hilo wao, nina hakika nusu yao wangeangalia dari. Nimefanya kazi idara za fedha za manispaa zaidi ya miaka 20, na diwani anayeuliza ulivyouliza wewe ndiye aliyekuwa akinifanya nirudi ofisini usiku kukagua upya jedwali langu. Uliza tena.

Huenda hamfichwi kitu. Ila tarakimu moja ya milioni 40, ikikaa peke yake kwenye taarifa, haikwambii chochote cha maana, na hapo mweka hazina wenu amekosea. Pesa ya manispaa haitambuliwi kwa kiasi tu. Ina mwenyewe, ina kazi iliyotajwa, na ina tarehe. Ukiondoa hayo matatu ukabakiza kiasi, kila mtu atadhani mji ni tajiri.

Sina vitabu vyenu, kwa hiyo nitachora mfano. Mgawanyo wenu utatofautiana na huu, lakini sura yake haitakuwa mbali.

Katika hizo milioni 40, tuseme 11 ni ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya barabara fulani. Ina masharti: ikitumika kwa kingine, inarudishwa. Milioni 9 ni za mfuko wa maji, yaani ankara walizolipa wateja, na sheria za nchi nyingi haziruhusu ziende kulipia taa za barabarani. Milioni 4 ni za amana: dhamana za wazabuni, pamoja na fedha za wakandarasi zilizozuiwa hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kuona kama kazi ina kasoro, kiishe. Hizo hazijawahi kuwa zenu hata siku moja, mnawatunzia wenyewe. Milioni 3 ni makato ya mishahara, kodi na michango ya pensheni, yanayosubiri kupelekwa yanakotakiwa. Milioni 5 zimetengwa kwa marejesho ya mikopo ya zamani. Jumla 32. Zinazobaki kwenye mfuko mkuu, ule ambao baraza lina uhuru nao, ni milioni 8.

Sasa hizo 8 zina kazi gani? Tuseme matumizi ya kawaida ya mji, yaani mishahara, mafuta, dawa za zahanati, uzoaji taka, ni milioni 4 kwa mwezi. Mapato ya kawaida nje ya kodi ya majengo ni milioni 2 kwa mwezi. Kodi ya majengo yenyewe huingia kwa wingi mara moja au mbili kwa mwaka, na mara hii inategemewa mwezi wa nne. Mwezi wa kwanza mnaanza na 8, mnamaliza na 6. Wa pili mnamaliza na 4. Wa tatu mnamaliza na 2, ambazo ni nusu mwezi wa kuishi. Kisha kodi inaingia na kila mtu anasahau kwamba kuna mtu alikosa usingizi. Mkizichukua hizo 8 leo mkazifukia ardhini kama mabomba, mwisho wa mwezi huu huu mishahara haitoshi.

Mimi nilikuwa na jedwali la namna hiyo ukutani, lenye safu 52 za wiki. Kila Ijumaa asubuhi, kabla sijafungua kompyuta, nilikuwa naandika kwa penseli bakaa halisi, yaani pesa iliyobaki kweli, chini ya bakaa niliyotabiri. Wiki tatu mfululizo tarakimu za penseli zikiwa chini ya utabiri, nilijua nina tatizo, hata kama taarifa ya robo mwaka ilikuwa bado inapendeza. Muulize mweka hazina wenu kama analo jedwali hilo. Kama hana, una haki ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo hauhusiani na mkopo.

Utauliza, na ni swali la haki: mfuko mkuu sawa, lakini zile 9 za maji si za maji? Kwa nini zisinunue mabomba ya maji? Zinunue, kwa kadiri zinavyoweza. Lakini humo ndani kuna umeme wa kusukuma maji, kemikali za kusafishia, mishahara ya mafundi, na akiba ya pampu itakayoungua wakati usiotarajiwa. Ukishatenga hayo, tuseme kinachobaki huru ni milioni 3. Mradi ni 13. Toa 3, zinabaki 10. Nadhani sasa unaona ile 10 ya ombi ilikotoka. Mweka hazina wenu angeweza kusema hivyo kwa sentensi mbili.

Kuhusu akiba ya mfuko mkuu, watu wa fani yetu wana kipimo chao. Chama cha maafisa wa fedha za serikali cha Marekani na Canada, GFOA, kinashauri manispaa iwe na akiba isiyofungwa na masharti isiyopungua miezi miwili ya mapato au matumizi ya kawaida. Milioni 8 kwa mji unaotumia 4 kwa mwezi ndiyo miezi miwili kamili, haizidi hata senti. Mji mdogo unaotegemea mapato kutoka chanzo kimoja kikubwa, kiwanda kimoja au ruzuku moja, ningependa uwe na zaidi. Wanasiasa huiona akiba kama pesa iliyolala. Mimi huwaambia walale wao, akiba iko kazini.

Tuje kwenye mkopo. Mabomba makuu yakilazwa vizuri hudumu miaka 40, 50, hata zaidi. Mkiyalipia yote kwa pesa ya mwaka huu, mtalazimika kupandisha bei ya maji ghafla, na mpangaji atakayehama mwakani atakuwa amelipia bomba litakalomnywesha mtu ambaye hajazaliwa. Mkopo wa miaka 20 unasambaza gharama kwa watu watakaolitumia bomba. Kwa hiyo kukopa kwa kitu kinachodumu si aibu wala si dalili ya ufukara. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: deni lisiishi muda mrefu kuliko kitu kilichonunuliwa. Nimewahi kukuta manispaa inalipa deni la malori ya taka ambayo yalikwisha kuuzwa kama chuma chakavu miaka mingi nyuma. Walikopa kwa miaka 15, malori yakafa mwaka wa saba. Wakati huo walikuwa wanalipa deni la malori ya zamani na kukodi mengine ya kuzolea taka, yote kwa kodi ile ile.

Na jambo baya zaidi ni kukopa kwa ajili ya kula. Jiji la New York liliponea chupuchupu kufilisika mwaka 1975, na moja ya sababu kubwa ni kwamba kwa miaka lilikuwa linaziba pengo la matumizi ya kawaida kwa mikopo ya muda mfupi, mkopo mpya ukilipa wa zamani, mpaka mabenki yakagoma kununua karatasi zake za mkopo. Ndiyo maana sheria nyingi hutenganisha aina mbili za mkopo kwa ukali. Chukua sheria ya fedha za manispaa ya Afrika Kusini ya mwaka 2003: mkopo wa muda mfupi unaruhusiwa kuziba upungufu wa kupita ndani ya mwaka wa fedha, na lazima ulipwe wote kabla mwaka huo haujaisha. Wa muda mrefu ni wa miradi ya maendeleo. Hata nchi ambako sheria haisemi wazi hivyo, mweka hazina mwenye akili hujiwekea mpaka huo mwenyewe.

Sasa kaa chini na kalamu, tuhesabu huo mkopo wenu.

Milioni 10, asilimia 6, miaka 20, marejesho yanayolingana kila mwaka: ni kama 872,000 kwa mwaka. Mara 20, inakuwa milioni 17.4 na ushei. Yaani riba peke yake ni milioni 7.4. Mwaka wa kwanza, katika hizo 872,000, riba inakula 600,000 na deni lenyewe linapungua kwa 272,000 tu. Madiwani wakiona hivyo hushtuka, na huwa nawaacha washtuke kidogo.

Kuna njia ya pili. Kila mwaka mnalipa 500,000 za deni lenyewe, sawasawa, pamoja na riba ya kilichobaki. Hapo riba yote kwa miaka 20 inashuka hadi milioni 6.3. Mnaokoa zaidi ya milioni 1.1. Kwa nini basi mweka hazina asilete pendekezo hilo? Kwa sababu mwaka wa kwanza malipo yatakuwa milioni 1.1 kamili, ndipo yaanze kushuka mwaka hadi mwaka hadi 530,000 mwaka wa mwisho. Na mfuko wa maji una uwezo gani? Tuseme baada ya kulipia gharama zote za uendeshaji, unabakiza milioni 1.2 kwa mwaka. Ukigawa 1.2 kwa 0.872 unapata karibu 1.38. Ukigawa kwa 1.1 unapata 1.09. Wakopeshaji wengi wa miradi ya maji hutaka uwiano huo usishuke chini ya 1.2 au 1.25, na wako sahihi: kwa 1.09, mwaka mmoja wa ukame au mteja mmoja mkubwa akifunga milango, mmekwama. Kwa hiyo njia ya ghali zaidi ndiyo inayoliacha shirika la maji likiwa hai. Ningekuwa mimi, ningechukua marejesho yanayolingana, halafu ningeng'ang'ania kipengele cha kulipa mapema bila faini, ili mwaka mtakapokuwa na nafasi mpunguze deni kwa hiari yenu. Kipengele hicho hakipendwi na mkopeshaji na usipokiomba hutapewa.

Angalia pia riba. Ikiwa 7 badala ya 6, malipo yanapanda hadi 944,000 kwa mwaka. Tofauti ni 72,000 hivi, inaonekana ndogo, lakini kwa miaka 20 ni milioni 1.4. Asilimia hiyo moja mara nyingi haitokani na ujanja wa kujadiliana. Hutokana na hesabu zilizokaguliwa kwa wakati, hati safi ya wakaguzi miaka mitatu minne mfululizo, akiba inayoonekana, na historia ya kulipa tarehe ile ile iliyoandikwa. Mashirika kama Moody's, S&P na Fitch, yanayopima uwezo wa mkopaji kulipa, yanatazama hayo hayo. Mji mdogo unaweza usipimwe kabisa na mashirika hayo, lakini afisa mikopo wa benki ana orodha yake kichwani, na haitofautiani sana na ya kwao.

Kwa mkopo wa milioni 10, sidhani kama mnahitaji kuuza hatifungani zenu wenyewe, yaani hati za deni mnazowauzia wawekezaji. Hatifungani ina gharama ambazo hazipungui kwa sababu mji ni mdogo: mwanasheria, mshauri, waraka wa matarajio, usajili. Kwa deni la milioni 500 gharama hizo hazionekani, kwa milioni 10 zinauma. Miji midogo mahali pengine ilitatua hilo kwa kukopa pamoja. Sweden, mwaka 1986, manispaa za mkoa wa Örebro zilianzisha chombo cha pamoja cha kukopa, kila mmoja akimdhamini mwenzake. Leo chombo hicho, Kommuninvest, kina manispaa nyingi mno za nchi hiyo kama wanachama, na kinakopa kwa masharti ambayo mji mmoja mdogo usingeyaota. Kama kwenu hakuna kitu cha namna hiyo, alikeni benki tatu au nne kwa zabuni ya wazi. Mkopo unaoletwa mezani na benki moja tu, pamoja na barua ya kwamba "ofa inaisha Ijumaa", urudishwe na hiyo barua yake.

Jambo lingine la kusoma kwenye rasimu ya mkataba ni dhamana. Je, deni linalipwa kwa mapato ya maji peke yake, au mmeweka rehani kodi zote za mji? Ya kwanza ina riba ya juu kidogo, lakini mradi ukianguka, zahanati na barabara haziguswi. Ya pili ni nafuu, na kila mwananchi anakuwa mdhamini, hata yule mwenye kisima chake. Sina jibu moja kwa miji yote. Kwa mfuko wa maji wenye uwiano wa 1.38 ningejaribu kwanza njia ya mapato ya maji.

Na riba iwe ya namna gani? Isiyobadilika, kwa sarafu mnayokusanyia kodi. Hapa sitaki mjadala. Manispaa nyingi za Ufaransa, zikiwamo ndogo kabisa, ziliuziwa miaka ya 2000 mikopo ya riba ya kuvutia mwanzoni, ambayo baadaye ilifungwa kwenye thamani ya euro dhidi ya faranga ya Uswisi. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliachia faranga yake ipande, na baadhi ya mikopo hiyo ikafika riba ya zaidi ya asilimia 20. Wafaransa waliiita mikopo yenye sumu, na serikali ikalazimika kuwa na mfuko wa kuzisaidia manispaa zijinasue. Kodi wanazokusanya mameya hao ni za euro, si za faranga za Uswisi. Mkopo ambao mweka hazina hawezi kuueleza ubaoni kwa dakika tano usipigiwe kura.

Nimesema pesa ina tarehe. Hilo linahusu pia pesa inayosubiri. Zile 11 za barabara hazitatumika wiki hii, mkandarasi atalipwa kwa awamu, kila hati ya madai ikiidhinishwa na mhandisi. Kuziacha kwenye akaunti ya kawaida isiyozaa ni uzembe. Kuzipeleka kwenye kitu chenye faida kubwa ni uzembe mkubwa zaidi. Mpangilio wetu tangu zamani ni usalama kwanza, kisha uwezo wa kuzipata zinapohitajika, na faida mwisho. Kwa vitendo, unagawa: fungu moja kwenye hati fungani za muda mfupi za serikali zinazoiva mwezi wa pili, jingine mwezi wa nne, jingine wa sita, kufuatana na ratiba ya mhandisi. Fungu linaiva, mkandarasi analipwa. Soma pia barua ya ruzuku ujue riba itakayopatikana ni ya nani, mara nyingine ni ya aliyetoa ruzuku.

Aliyegeuza mpangilio huo juu chini ni mweka hazina wa Orange County, California, Robert Citron. Alikuwa anatunza pesa za wilaya yake pamoja na za miji, shule na idara za maji, karibu taasisi 200. Kwa miaka alitoa faida kubwa kuliko wenzake, na alisifiwa sana. Siri ilikuwa kwamba alikopa juu ya pesa hizo: dola bilioni 7 na ushei zikawa uwekezaji wa zaidi ya bilioni 20, zote zikitegemea riba isipande. Mwaka 1994 riba ikapanda mara kadhaa. Hasara ikawa kama dola bilioni 1.6, na Desemba mwaka huo wilaya ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Hakuiba hata dola moja kutia mfukoni. Ndiyo maana huwa naitaja kesi hii kwa madiwani wanaodhani kazi yao ni kukamata wezi tu. Mweka hazina akikuletea faida iliyowapita wote, muulize amehatarisha nini.

Wezi nao wapo, na hapo ndipo sehemu ya pili ya swali lako inapoangukia. Mji wa Dixon, jimbo la Illinois, Marekani, ulikuwa na watu kama 16,000. Mdhibiti wake wa fedha, Rita Crundwell, alifungua akaunti ya siri kwa jina la mji mwaka 1990, na hadi anakamatwa Aprili 2012 alikuwa amepitisha humo zaidi ya dola milioni 53. Hebu fikiria: miaka zaidi ya 20, mji wa watu 16,000. Alitengeneza ankara za uongo zilizoonekana kutoka serikali ya jimbo, akaandika hundi, akaziingiza kwenye akaunti yake, akafuga farasi wa mashindano. Barazani alikuwa akieleza kwamba bajeti imebana kwa sababu jimbo linachelewesha fedha. Watu walimwamini, maana jimbo kweli lilikuwa linachelewesha.

Wakaguzi walipita kila mwaka na hawakuona. Aliyeona ni karani. Mwaka 2011 Crundwell alipokuwa likizo ndefu, karani aliyeshika nafasi yake aliomba benki taarifa za akaunti zote za mji, si zile za kawaida tu, na katikati ya karatasi ikatokea akaunti asiyoijua. Akampelekea meya. Crundwell alihukumiwa Februari 2013 kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Ukiitazama Dixon kwa karibu, tatizo halikuwa uhasibu mgumu. Mtu mmoja alikuwa anapokea barua za benki, anaandika hundi, anaingiza kwenye leja, yaani kitabu cha hesabu cha mji, na yeye huyo anafanya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja hiyo na taarifa ya benki. Katika mji mdogo hili hutokea bila nia mbaya: ofisi ina watu wanne, mmoja anajua kila kitu, na wote wanamshukuru. Hamwezi kuajiri watu 20 ili kutenganisha kazi. Lakini mnaweza kufanya haya bila gharama. Taarifa ya benki itumwe moja kwa moja kwa mtu asiyegusa hundi, hata kama ni mkurugenzi mwenyewe. Anayeidhinisha vocha asiwe anayelipa. Kila mtu wa fedha aende likizo kamili, wiki mbili mfululizo, na kazi yake ishikwe na mwingine kweli kweli. Mtu asiyekubali kwenda likizo si lazima awe mwizi, lakini mimi nilikuwa nampa likizo kwa barua. Na mara moja kwa mwaka, mwenyekiti wa kamati yako aandikie kila benki mjini aulize: je, kuna akaunti yoyote yenye jina la manispaa yetu?

Usuluhishi wa benki ndio utakaokusaidia zaidi wewe usiye mhasibu, kwa hiyo nikuonyeshe unavyosomwa. Juu kuna bakaa ya benki, tuseme 5,240,000. Chini kuna bakaa ya leja, 5,100,000. Katikati pana orodha ya kinachotofautisha hizo 140,000: hundi tulizoandika ambazo hazijafika benki, makusanyo ya jana jioni yaliyoingia kwenye leja lakini bado benki. Usihangaike na jumla. Angalia tarehe za hivyo vitu vya katikati. Hundi ya wiki iliyopita ni kawaida. Hundi ya miezi tisa iliyopita ambayo haijafika benki, uliza aliyeandikiwa ni nani. Makusanyo "yaliyo njiani" kwa siku 12 hayako njiani, yako mahali. Na ukiona mstari umeandikwa "tofauti inayochunguzwa" wenye kiasi kile kile mwezi baada ya mwezi, hakuna anayechunguza.

Narudi kwenye kura yenu. Kwa ulichonieleza, mkopo wenyewe hauna harufu mbaya: kitu kinadumu, muda ni mfupi kuliko uhai wa bomba, riba inajulikana. Lakini usiinue mkono kabla hujapewa karatasi nne. Mgawanyo wa milioni 40 kwa kila mfuko, ukionyesha masharti ya kila fungu. Mtiririko wa fedha wa mwezi hadi mwezi kwa miezi 12. Ratiba ya marejesho ya mkopo, pamoja na hesabu ya mfuko wa maji iwapo mapato yatashuka kwa sehemu ya kumi. Na hapo fahamu kwamba mapato yakishuka hivyo gharama hazishuki nayo, kwa hiyo ile milioni 1.2 inaweza kupungua kwa zaidi ya nusu, na jibu la "tutapandisha bei" liandikwe ni bei gani na lini. Ya nne ni usuluhishi wa benki wa akaunti zote, uliosainiwa na aliyeuandaa na aliyeupitia, majina mawili tofauti.

Anza na hiyo ya nne. Ikiwa tarehe yake imepita miezi miwili, omba kura ya mkopo iahirishwe hadi kikao kijacho, na waambie wenzako sababu ni hiyo tu.